Vita ya Msumbiji 1977 hadi 1992: nani aliiwasha, na kwa nini ilichukua miaka 16? Tulio upande huu wa Ruvuma tuongee

Mzawa wa Kitangari (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni.

Uzi huu umetokana na mabishano ya msibani, Newala. Tumekaa chini ya mkorosho tunasubiri waliokwenda kuchimba kaburi, wazee wakaanza habari za Msumbiji. Mmoja akasema vita ile ilikuwa ya makaburu tu, weusi walitumwa. Mjomba wangu, aliyepelekwa kule na jeshi letu mwaka 1987, alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Mimi kaburu sikumwona hata mmoja. Niliowaona ni watoto weusi, wengine bunduki imewazidi kimo, wanaongea lugha ninayoielewa." Akainuka, akaenda kusaidia kubeba maji.

Maneno hayo hayajanitoka. Nimekaa nayo, nimeulizia wazee na kusoma ninachoweza kusoma. Naweka hapa nilichokipata, ni kirefu, mnivumilie.

Kwanza tusichanganye vita mbili. Ya kwanza ni ya ukombozi, ile ambayo mikoa yetu iliibeba mgongoni. FRELIMO, chama cha kuikomboa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, risasi za kwanza zikalia Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, kwenye mashamba yaleyale ya mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa. Wakimbizi waliwekwa Rutamba kule Lindi na kwingine. Majeruhi walivushwa Ruvuma wakatibiwa hapa Mtwara mjini, kwenye hospitali ya FRELIMO iliyopewa jina la Américo Boavida. Vita hiyo iliisha, na tarehe 25 Juni 1975 wakapata uhuru. Mwezi mmoja kabla, Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, alitoka Nachingwea akavuka Ruvuma na kuanza safari yake ya kuelekea Maputo.

Ninayoizungumzia ni ya pili, ya wao kwa wao, iliyoanza kabla kidonda cha kwanza hakijakauka.

Mwanzo wake hauna ubishi. Machi 1976 Msumbiji ilifunga mpaka wake na Rhodesia ya Ian Smith, ndiyo Zimbabwe ya leo, kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na ilikuwa inawapa hifadhi wapiganaji wa ZANU, waliopigania uhuru wa nchi hiyo. Shirika la ujasusi la Rhodesia likakusanya Wamsumbiji waliokimbia au waliokuwa na kinyongo: askari wa zamani wa Mreno, waliotoroka FRELIMO, waliotoka kwenye kambi za kufunzwa upya. Likawafungulia redio iliyoitwa Sauti ya Afrika Huru, likawapa silaha na kuwavusha mpaka. Mkuu wa ujasusi huo, Ken Flower, alikuja kukiri mwenyewe. Kundi hilo ndilo RENAMO. Kiongozi wake wa kwanza, André Matsangaissa, alikuwa askari wa FRELIMO aliyefungwa akatoroka. Aliuawa Gorongosa Oktoba 1979, akashika Afonso Dhlakama. Wanavijiji wengi waliwaita tu matsanga, kwa jina la yule wa kwanza.

Zimbabwe ilipopata uhuru Aprili 1980, RENAMO ilipaswa kufa. Haikufa, kwa sababu jeshi la Afrika Kusini liliichukua jinsi ilivyo, viongozi na redio yao, likawapa kambi Phalaborwa. Wakati huo makaburu walikuwa na lengo lao: nchi za jirani zisiwe na reli wala bandari inayofanya kazi bila wao. Tazameni ramani muone RENAMO ilipiga wapi. Reli ya Beira, reli ya Nacala, bomba la mafuta la kwenda Zimbabwe, njia ya Limpopo. Jeshi la msituni lenye shida zake binafsi lisingejisumbua hivyo na mataruma ya reli.

Nitaendelea, umeme unacheza hapa.

Mkulima wa Tandahimba

Umejijibu mwenyewe kaka. Rhodesia imezaa, kaburu amelea. Sasa "wao kwa wao" inatoka wapi? Hii ni vita ya nje iliyopiganwa na mikono ya ndani. Mjomba wako kaburu asingemwona, kaburu alikuwa anashusha mizigo kwa ndege usiku.

Mzawa wa Kitangari

Mkuu, hoja yako ni nzito, na ushahidi upo. Tarehe 16 Machi 1984 Samora alisaini na P. W. Botha, kiongozi wa makaburu, mkataba wa Nkomati. Msumbiji iondoe wapiganaji wa ANC, waliopinga utawala wa makaburu, Afrika Kusini iache kuisaidia RENAMO. Samora alitimiza, na ilimuuma. Upande wa pili walikuwa wameshaingiza shehena za silaha kabla wino haujakauka, na wakaendelea. Agosti 1985 majeshi ya Zimbabwe na Msumbiji yalipoiteka Casa Banana, makao makuu ya RENAMO kule Gorongosa, walikuta daftari za kumbukumbu zinazoeleza safari za ndege, mizigo, hata ujio wa naibu waziri wa Afrika Kusini. Halafu tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ya Samora ikaanguka Mbuzini, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini, akafa na wenzake zaidi ya 30. Marubani walikosea au walipotoshwa na mtambo wa uongo wa kuongozea ndege, hilo linabishaniwa mpaka leo. Nilikuwa mdogo, ila nyumbani wanasema siku ile Kitangari watu walilia kama amekufa wa ukoo.

Kwa hiyo mkono wa nje siupunguzi hata chembe. Swali langu ni jingine. Huo mkono ulikwenda pia kwingine, mbona haukushika? Zambia kulikuwa na Adamson Mushala, alifunzwa na kusaidiwa na hao hao, akahangaika porini hadi alipouawa mwaka 1982, kundi lake likaishia pembeni. Zimbabwe walijaribu kundi lililoitwa Super-ZAPU huko Matabeleland, lilikufa changa. Lesotho nako walijaribu. Mkono uleule, silaha zilezile. Msumbiji peke yake ndiko kundi la watu mia kadhaa lilikuja kuwa jeshi la maelfu na kufika kila mkoa. Kwa nini?

Hapo ndipo lazima tuingie ndani ya nyumba ya FRELIMO, hata kama ni ndugu zetu na tunawapenda.

Februari 1977, mkutano mkuu wa tatu, FRELIMO ilijitangaza chama cha Ki-Marx na Ki-Lenin. Machifu, waliokuwa wametumiwa na Mreno kukusanya kodi na vibarua, waliondolewa wote kwa pamoja, mbaya na mzuri. Matambiko na waganga wakaitwa ujinga wa kale. Makanisa na misikiti ikabanwa. Watu wakaambiwa wahamie vijiji vya pamoja. Mwaka 1983 ikaja Operesheni ya Uzalishaji: watu waliokutwa mijini bila kadi ya kazi walikamatwa na kupelekwa Niassa, maelfu kwa maelfu, wengine hawakuaga hata nyumbani.

Chukueni Eráti, mkoa wa Nampula, kwa Wamakua. Watu walikuwa na makazi yao yaliyotawanyika, kila ukoo na ardhi yake na mwene wake, yaani chifu. Wakahamishiwa kijiji kilichokuwa kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Fikirini maana yake: mwene wa wageni hana neno, mwenye ardhi ana neno mara mbili, na mwenyekiti wa kijiji anatoka kwa mwenye ardhi. RENAMO ilipofika mwaka 1984, baadhi ya machifu waliikaribisha, wakatoka na watu wao kijijini wakarudi kwenye mahame yao. Hawakuwa na habari na Botha wala Reagan. Walitaka kurudi kulikokuwa na makaburi ya mama zao.

Wamakua wa Masasi mnaosoma hapa, hilo mnalielewa bila kufafanuliwa.

Msomi wa Shangani

Nimesoma kwa makini. Ila kaka, hayo yote yalifanyika na kwetu. Machifu waliondolewa 1963. Operesheni Vijiji ilihamisha watu kwa nguvu, na mikoa yetu hii ndiyo ilianza mapema kuliko mingi. Mbona hatukupigana?

Mzawa wa Kitangari

Ndugu yangu, umenitoa moyo na kunirudishia. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Yalifanyika, na yaliuma. Mtwara walituhamisha mapema, na sababu mojawapo ilikuwa vita ya Mreno ng'ambo ya mto, serikali ilitaka watu wa mpakani wakae pamoja. Babu yangu aliiacha mikorosho yake umbali wa saa mbili kwa miguu. Mkorosho usiopaliliwa unamezwa na pori, moto ukija unaondoka nao. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho takriban tani 145,000. Kufika 1986/87 hazikufika hata 20,000. Bei na usimamizi vilichangia, lakini mtu yeyote wa Newala au Tandahimba atakwambia kuhamishwa kulifanya nini. Babu alikufa na kinyongo hicho. Alikuwa anasema jina la lile shamba kama mtu anayetaja mtoto aliyezikwa.

Sasa mpeni babu yangu, mwaka 1975, jirani mwenye pesa na ndege, anayemwambia: chukua bunduki, rudi shambani kwako. Mpeni na redio inayomsemea kila jioni. Sijui angejibu nini, na naogopa kusema angekataa. Jirani huyo hakuwapo. Kusini yetu alikuwapo Mreno akiwa anaondoka, kisha FRELIMO. Hatukuwa na Rhodesia mpakani. Na kilichosaidia pia ni kwamba waliotuhamisha waliongea Kiswahili nasi, wengi walikuwa watoto wa humu humu, na waliopewa uenyekiti wa kijiji mara nyingi walikuwa watu wa ukoo uleule wa zamani kwa kofia mpya. Hasira ilikuwapo, haikupata mnunuzi.

Ndiyo maana nasema Msumbiji vilihitajika vyote viwili. Silaha za nje bila kinyongo cha ndani ziliishia kama Mushala. Kinyongo cha ndani bila silaha za nje kiliishia kama babu yangu, analalamika barazani mpaka anakufa.

Mwana Ng'ambo

Samahani kaka, naomba nikusahihishe kwa heshima. Mimi mama yangu ni wa Nampula, tulivuka tukaja Masasi. Unavyoandika "waliikaribisha" mtu atadhani watu waliwapenda. Bibi yangu alibebeshwa gunia la mahindi siku tatu, mdogo wake mama alichukuliwa akiwa na miaka kumi na mmoja hatujamwona tena. Waliikaribisha mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili walikuwa watumwa.

Mzawa wa Kitangari

Dada, nimepokea, na nakushukuru kwa kuyasema hayo. Nilipaswa kuyaandika mwenyewe.

Ulilosema lilishaandikwa pia na watu ambao hawakuwa na sababu ya kuipendelea FRELIMO. Mwaka 1988 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilimtuma Robert Gersony kwenda kuwahoji wakimbizi kwenye kambi za nchi kadhaa. Alirudi na makadirio kwamba raia takriban 100,000 walikuwa wameuawa, na sehemu kubwa kabisa ya ukatili aliosimuliwa ilikuwa ya RENAMO. Alieleza jinsi walivyogawa maeneo: kuna wanakokusanya chakula kama kodi, kuna wanakowafungia watu walime na kubeba mizigo, kuna wanakochoma tu. Mwaka mmoja kabla, Julai 1987, Homoine kule Inhambane waliuawa watu zaidi ya 400, wakiwamo wagonjwa hospitalini.

Ripoti ile ilifunga mlango Washington. Kulikuwa na wanasiasa na wahubiri wa Kimarekani waliotaka RENAMO isaidiwe waziwazi kama Savimbi, kiongozi wa waasi wa Angola. Serikali ya Reagan haikufika huko. Na Uingereza ya Thatcher ndiyo ilikuwa inafunza askari wa FRELIMO kule Nyanga, Zimbabwe! Wanaopenda kuigawa dunia ya wakati ule mashariki na magharibi, hapo hesabu haikubali.

Mkulima wa Tandahimba

Na Malawi je? Usimsahau Banda.

Mzawa wa Kitangari

Banda simsahau. Alikuwa na urafiki wa siku nyingi na Wareno na makaburu, na RENAMO walipita nchini mwake wakienda na kurudi. Septemba 1986 Samora, Kaunda na Mugabe walimfuata Blantyre kumwambia basi imetosha. Akawafukuza RENAMO, na walipofukuzwa ndipo wakamwagika Zambezia kwa maelfu, lengo likiwa kuikata nchi vipande viwili mpaka baharini Quelimane. Hapo ndipo jeshi letu lilipoingia, na mjomba wangu ndani yake. Zimbabwe walikuwa njia ya Beira, sisi Zambezia. Malawi nayo, baada ya kubanwa, ikaleta askari wake kulinda reli ya Nacala, na ikabeba wakimbizi waliopita milioni moja. Nchi ileile iliyofungua mlango wa vita ndiyo iliyolisha waathirika wengi kuliko zote. Sijui nihukumu vipi hapo.

Niwape kimoja alichoniambia mjomba baada ya mazishi, tukiwa wawili.

Waliingia kwenye kijiji kilichokuwa chini ya matsanga miaka miwili. Watu walitoka porini taratibu, wamevaa magunia. Kibanda kimoja mtu aligoma kutoka. Askari wakazunguka, wakadhani amefichwa mwenye silaha. Mjomba akasogea akasemesha kwa Kimakua chake cha Masasi. Akajibiwa na sauti ya mama: siwezi kutoka, mwanangu, sina nguo. Alikuwa amevaa gome la mti lililopondwa, kamba imekatika. Mjomba alikuwa na shati moja la akiba, la kiraia, alilonunua sokoni Mtwara kabla ya safari. Akalirusha ndani bila kutazama. Mama akatoka amefunga vifungo vya juu tu, mikono imemzidi. Hakuomba chakula. Aliuliza, "Mna chumvi?" Wakampa iliyokuwapo, akaimimina kiganjani, akaramba kidogo, akaifunga iliyobaki kwenye ncha ya shati.

Mjomba anasema tangu siku hiyo hajawahi kumwelewa mtu anayemwambia vita ile ilikuwa ya Urusi na Marekani.

Msomi wa Shangani

Iliishaje basi? Nani aliizima?

Mzawa wa Kitangari

Hapa nitakwenda haraka kidogo, usiku umeingia.

Nje kulikauka. Urusi ya Gorbachev ilipunguza mkono, na kule Pretoria de Klerk alikuwa ameanza kubadilisha mambo. FRELIMO yenyewe iliacha Umarx mwaka 1989, ikaleta katiba ya vyama vingi 1990. Ukame wa 1991 na 1992 ukamaliza chakula cha kuibwa. Jeshi linaloishi kwa jasho la mwanakijiji litakula nini mwanakijiji akikosa?

Ndani kulikuwa na watu wasiotajwa sana. Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, wa kabila la Wandau kama Dhlakama mwenyewe, alikubali kwenda kuzungumza naye porini. Zambezia alitokea kijana mganga, Manuel António, aliyechanja wanavijiji dawa ya kuzuia risasi, wakafunga utepe mwekundu na kwenda na mikuki, wakaitwa Naparama. Walirudisha maeneo ambayo majeshi yalishindwa, kwa sababu hata matsanga waliiogopa ile dawa. Chama kilichosema uganga ni ujinga kikajikuta kinapumua kwa mgongo wa mganga. Aliuawa mwishoni mwa 1991.

Mazungumzo yalifanyika Roma, kwa jumuiya ya Sant'Egidio, na mkataba ukasainiwa tarehe 4 Oktoba 1992 na Rais Chissano, aliyemrithi Samora, na Dhlakama. Pesa nayo ilisema: Umoja wa Mataifa uliunda mfuko wa takriban dola milioni 17 kuisaidia RENAMO igeuke chama. Kuna waliokasirika kwamba wauaji wanalipwa. Mimi naona zilikuwa rahisi kuliko mwaka mmoja zaidi wa risasi. Uchaguzi wa 1994 Dhlakama alipata kura karibu 34 kwa mia, nyingi katikati na kaskazini ya nchi. Theluthi ya wapiga kura baada ya yote yale! Ndugu wa Tandahimba, hiyo theluthi haikutoka Phalaborwa.

Mwana Ng'ambo

Na haya ya Cabo Delgado sasa? Tangu Mocímboa da Praia Oktoba 2017, mpaka walivuka wakaja Kitaya 2020. Wote wanasema ni wageni.

Mzawa wa Kitangari

Dada, nasikia habari hiyo kila siku, Kitaya ni kwetu. Wageni wapo, itikadi ya nje ipo. Lakini nawauliza wavuvi wanaovuka Kilambo na Msimbati, nao wananitajia vijana wa pwani waliokosa ardhi, wachimba rubi wadogo waliofukuzwa Montepuez, na gesi ya Palma waliyoisikia kwenye redio bila kuionja. Anayetaka kujua moto ule unakula nini, aanze na hao. Askari wa Rwanda wameingia 2021, wetu walikuwa kwenye kikosi cha SADC, kazi imefanyika. Nyumba kwa nyumba ni kazi nyingine, na hiyo askari wa kigeni haiwezi. Sina zaidi, mengine nitakuwa nabahatisha.

Binti Mingoyo

Mimi si mchangiaji, huwa nasoma tu. Baba yangu alikwenda Msumbiji 1987 na jeshi, nilikuwa na miaka minne. Hakurudi. Mama aliambiwa alifia Zambezia, basi. Mjomba wako anaweza kuwa alimfahamu? Alikuwa mrefu, alipenda kupiga mluzi.

Mzawa wa Kitangari

Dada yangu, pole sana. Nimesoma ujumbe wako nikasimama kwanza.

Wapo waliorudishwa mabaki yao, wamelala pale Naliendele, makaburi ya mashujaa, hapa hapa Mtwara. Kama hujawahi kufika, siyo mbali na mjini. Usiweke jina la mzee hapa hadharani, nitumie pembeni pamoja na kikosi kama mama anakikumbuka. Mjomba macho yamepungua lakini majina bado anayo, huwa anayataja mmoja mmoja akiwa anabangua korosho. Jumamosi nakwenda kwake. Nitamuuliza habari ya mluzi.